Vepu, Chaja na Lawama

MUUGUZI: Mimi naanza na paja. Kituo kimoja cha majeraha ya moto mjini Seattle, Marekani, kilipokea watu 15 walioumizwa na vepu, yaani sigara za kielektroniki, kati ya Oktoba 2015 na Juni 2016. Zaidi ya nusu yao walikuwa wameungua mapajani au kwenye kinena. Si mdomoni, ambako ungetarajia. Betri ilikuwa mfukoni. Kila nikisikia mwenye duka akimwambia kijana kwamba hii ni salama kuliko sigara, huwa najiuliza: ni sigara gani inayomchoma mtu kabla hajaiwasha?

MWENYE DUKA: Dada, umekwenda mpaka Seattle kwa sababu hapa Mombasa hukuona pa kuanzia. Haya, tubaki huko huko. Idara ya zimamoto ya Marekani ilihesabu visa 195 kati ya 2009 na 2016. Nchi nzima, miaka minane, wavutaji mamilioni. Huku kwetu jiko la mafuta ya taa limeunguza nyumba ngapi katika miaka hiyo, na nani aliitisha mjadala wa jiko?

MUUGUZI: Ripoti hiyo isome mpaka mwisho, kaka. Visa 195, waliojeruhiwa 133, na 38 kati yao majeraha mabaya. Tena visa vyenyewe viliokotwa zaidi kwenye vyombo vya habari. Watafiti walipogeukia takwimu za vyumba vya dharura vya hospitali, walikadiria majeruhi 2,035 kwa miaka mitatu tu, 2015 hadi 2017. Kumbe wengi huungua bila kuandikwa gazetini. Na vifo vipo: Florida mwaka 2018, Texas mwaka 2019.

MVUTAJI: Nyinyi mnagombania idadi, mimi ndiye ninayetembea na vepu mfukoni. Nilikuwa navuta pakiti moja ya sigara kwa siku, nikahamia hii, na kifua kimetulia. Nataka kujua jambo moja tu. Katika hivyo visa 195, vingapi vilitokea kwenye chaja? Maana yangu hulala kwenye soketi kando ya kitanda.

MUUGUZI: Arubaini na nane. Mfukoni 61, na vikiwa vinatumika 60.

MVUTAJI: Basi mfuko na chaja ni zaidi ya nusu, na yote mawili ni mambo ya mtumiaji. Mtu akifundishwa mahali pa kuweka na namna ya kuchaji, nusu ya balaa imekwisha. Hatuhitaji marufuku wala kufunga duka la mtu.

FUNDI: Kufundishwa ni sawa, lakini afundishwe nini? Shika hii seli. Nimeitoa kwenye betri ya laptop. Upana wake milimita 18, urefu 65, ndiyo maana inaitwa 18650. Vepu kubwa za kuchomoa betri hutumia hii, na tochi nyingi pia. Hili kopo la chuma lote ni hasi, kuanzia kitako mpaka ukingo wa juu. Chanya ni kitufe hiki cha katikati peke yake. Baina ya kitufe na ukingo pana milimita chache tu, na kinga yake ni duara la karatasi na hii ngozi ya plastiki. Tazama, hapa ngozi imechanika. Ufunguo mmoja ukilala hapa juu, chanya na hasi zimeshikana. Imepiga shoti. Hakuna fyuzi, hakuna sakiti ya kuizuia. Inapata joto, joto linachochea kemikali zilizomo ndani zizae joto jingine, na ikishafika hapo hata ukiutoa ufunguo haikusikii.

MWENYE DUKA: Na simu je? Simu ina betri ya lithiamu hiyo hiyo, na hapa kila mmoja anayo. Samsung ni kampuni kubwa, lakini mwaka 2016 ililazimika kuzirudisha simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu zilikuwa zikiwaka moto. Mbona simu hamkuziita silaha?

(Alisema haya simu yake ikiwa kwenye chaja isiyo na jina la kampuni yoyote. Tuendelee.)

FUNDI: Simu ina betri bapa, kifuko laini. Ikiharibika huvimba, hutoa moshi, huwaka. Ni hatari, sikatai. Seli ya kopo presha yake imebanwa na chuma. Ikifunguka upande mmoja, kifaa kizima hufyatuka kama risasi. Na vepu watu huiweka mdomoni.

MUUGUZI: Tena Note 7 umejitajia mwenyewe. Zile simu zilirudishwa, kwa sababu zilikuwa na jina, nambari na mwenye kuulizwa. Niambie, vepu uliyouza jana ikigundulika ina kasoro, nani atatangaza irudishwe? Na itarudishwa kwa nani?

MWENYE DUKA: Kwangu. Ndiyo maana mnapenda kumkaba mwenye duka, kwa sababu yeye anaonekana. Kiwanda kiko Shenzhen, aliyeleta kontena hamumjui, lakini mimi nina kibao mlangoni. Nami nasema hivi: nauza kifaa kizima, hakijafunguliwa. Mteja akifika kwake akakichaji kwa waya wa kuokota, kosa langu ni lipi? Kwenye kikaratasi imeandikwa: tumia chaja iliyokuja na kifaa.

MVUTAJI: Chaja ipi, mzee?

MWENYE DUKA: Iliyokuja nacho.

MVUTAJI: Hakuna iliyokuja nacho. Kwenye kisanduku mlikuwa na vepu na hicho kikaratasi. Waya haukuwamo, kichwa hakikuwamo. Nilipokuuliza ulinijibu, tumia ya simu tu, tundu ni moja.

MUUGUZI: Na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inasema kinyume kabisa: usichaji vepu kwa chaja ya simu wala ya tableti, usiiache ikichaji usiku kucha, usiiache peke yake. Huyu kijana amefanya yote matatu, na la kwanza kwa ushauri wa duka.

FUNDI: Dada, hapo sikubaliani na wewe moja kwa moja. Watu wanadhani chaja inasukuma stima ndani ya kifaa. Haisukumi. Kifaa ndicho kinachovuta. Kichwa kizuri cha ampia 3 hakiilazimishi vepu kumeza ampia 3. Itachukua nusu ampia ikiwa ndiyo iliyopangiwa. Hata chaja za haraka huanzia volti 5 na hazipandi mpaka kifaa kiombe, na vepu ndogo haijui kuomba. Kwa hiyo chaja halisi ya simu, kwa vepu iliyotengenezwa sawasawa, haina neno.

MWENYE DUKA: Mmesikia?

FUNDI: Sijamaliza, mzee. Nimesema iliyotengenezwa sawasawa. Kazi ya kulinda seli iko kwenye sakiti iliyomo ndani ya kifaa. Inatakiwa iache seli ijae mpaka volti 4.2, na ikifika hapo ianze kupunguza taratibu kisha ikate. Ikipitiliza hapo, seli inaharibika ndani, na huwezi kuona kwa macho. Sasa mimi nimefungua hizi ndogo za rangi rangi zinazoletwa dukani. Baadhi sakiti yake ni safi, imekamilika. Nyingine imepunguzwa mpaka unajiuliza aliyeitengeneza alikuwa anaokoa nini. Mfano mdogo: kuna vepu ambazo ukitumia waya wenye kichwa cha USB-C pande zote mbili haziingizi chaji kabisa, lakini kwa waya wa kawaida wa USB zinaingiza. Mteja anadhani imekufa. Haijakufa. Kwenye tundu zinatakiwa rizista mbili ndogo za kuiambia chaja kwamba kuna kifaa hapa, na mwenye kiwanda amezibania. Rizista mbili! Bei yake hata shilingi haifiki. Aliyebania hizo, ya kukata chaji alibania au aliiweka? Mimi na wewe hatujui mpaka tuifungue.

MVUTAJI: Ndiyo yangu hiyo. Haikubali waya wa C kwa C. Nilidhani tundu limeingia vumbi, nikalichokonoa kwa pini.

FUNDI: Pini ya chuma?

MVUTAJI: Ya kushonea.

FUNDI: Usirudie. Tundu lina miguu midogo, ukiipinda miwili ikagusana umejitengenezea shoti yako mwenyewe. Tena yako haina kitufe, sivyo? Ndani yake kuna kihisi kinachosikia pumzi. Kile kioevu cha ndani kinachovuja kikikifikia, au jasho la mfukoni na unyevu wetu huu wa pwani, kinadhani unavuta. Koili, yaani waya wa kupasha moto, inajiwasha yenyewe mfukoni. Ukiona inapata joto hujaigusa, au taa inawaka yenyewe, usiichaji tena.

MUUGUZI: Sasa sikilizeni tulipofika. Fundi anasema usalama umo ndani, hauonekani. Mwenye duka anasema yeye hajafungua. Mvutaji hana chombo cha kupimia volti. Halafu tunasema elimu kwa mtumiaji! Elimu gani ya kumwezesha mtu kuona ndani ya plastiki iliyozibwa?

MWENYE DUKA: Kuna Shirika la Viwango. Bidhaa hukaguliwa kule zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na zikifika huangaliwa tena. Mimi si mkaguzi.

MUUGUZI: Je, zako zote zilipita huko?

MWENYE DUKA: Nitakujibu kwa kukueleza chanzo. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilipanga sh 3,000 kwa kila sigara ya kielektroniki. Kifaa chenyewe huenda ni cha sh 1,500. Nani angelipa ushuru maradufu ya bei? Matokeo yake ni magendo, na cha magendo hakipimwi na mtu. Serikali ilikiona kifaa hiki siku ya kukitoza pesa. Siku ya kukifungua na kutazama betri yake haikukiona. Pandisheni tena ushuru, ongezeni masharti, mtaletewa mbovu zaidi.

FUNDI: Hilo la magendo ni kweli, lakini mzee, na za madukani pia zina uongo. Hizi seli za kuchomoa zinazouzwa kando ya barabara zimeandikwa mAh 9,900. Hakuna 18650 ya mAh 9,900 duniani. Nzuri nyingi huishia kama 3,500. Chukua hii halisi, chukua na hii ya maandishi makubwa. Unasikia uzito? Ya kweli ni gramu 45 hivi. Hii nyingine nyepesi. Nilipoipasua ile mwenzake nilikuta kiseli kidogo na poda ya kujazia. Mwenye vepu kubwa akitia hii, akafunga koili ya omu 0.1 kwenye kifaa kisicho na sakiti, anaitaka itoe ampia 42. Hata seli halisi za nguvu, nyingi zinaishia 20 au 30.

MVUTAJI: Hizo ni za mabingwa wa kutoa mawingu. Sisi wengine hatuko huko.

FUNDI: Sawa, lakini seli ndiyo hiyo hiyo, na mwaka 2021 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani iliwaonya watu wasinunue wala wasitumie 18650 za kuchomoa. Waliozitengeneza wenyewe wanasema hazikukusudiwa kushikwa moja moja na mkono wa mtu. Zilikusudiwa kufungwa ndani ya betri kubwa yenye ulinzi.

MUUGUZI: Mimi nasema tufanye walivyofanya Uganda. Sheria yao ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 inakataza kuziingiza, kuzitengeneza na kuziuza. Basi. Hakuna kujadili rizista.

MVUTAJI: Na mimi nirudi kwenye sigara?

MUUGUZI: Uache vyote viwili, mwanangu.

MVUTAJI: Mama, hilo ungeniambia nilipokuwa na pakiti mkononi, na uliniambia, na sikuweza. Marufuku haitanitoa hamu. Itanitoa dukani kwa huyu mzee na kunipeleka kwa kijana wa pikipiki anayeuza kwenye mkoba. Leo walau nina mtu wa kumlaumu.

MWENYE DUKA: Asante kwa heshima hiyo.

MUUGUZI: Basi alaumiwe kikamilifu. Mwaka 2015 baraza la mahakama huko California liliamua mwanamke aliyeungua vepu ikichajiwa ndani ya gari alipwe karibu dola milioni 1.9, na waliodaiwa ni wasambazaji na duka. Na msidhani ni sheria za Wamarekani peke yao. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya maelezo, haki ya kulindwa afya yake, na haki ya kufidiwa akiumizwa na kasoro ya bidhaa. Maelezo, kaka! "Tumia ya simu tu" si maelezo.

MWENYE DUKA: Ukinidai dola milioni nitakukabidhi ufunguo wa duka na bado utanidai. Mdogo ndiye atakayefilisika, aliyeleta kontena atabadilisha jina la kampuni. Lakini sawa, sikimbii. Semeni mnalotaka nifanye kesho asubuhi.

MUUGUZI: Matatu. Vepu yoyote ya kuchaji isiuzwe bila waya na kichwa chake. Seli ya kuchomoa isitoke dukani bila kibweta cha plastiki. Na risiti iandikwe jina la aliyeingiza bidhaa nchini.

MWENYE DUKA: Kibweta nakubali leo, ni pesa kidogo. Chaja sikubali, na si kwa ubakhili. Ukinilazimisha nitie chaja kwenye kila kisanduku, mimi na wenzangu tutatafuta iliyo rahisi kuliko zote ili bei isipande. Sheria yako itakuwa imetimizwa, na huyu kijana ataondoka na kichwa cha chaja kibovu ambacho asingekuwa nacho.

FUNDI: Hapo mzee amesema kweli. Kichwa kibovu ni hatari kuliko kutokuwa na kichwa. Soketi ina volti 240, na kinachozitenga na zile 5 ni kitransfoma kidogo na upana wa nafasi kwenye bodi. Za bei ya chini nafasi hiyo imebanwa. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, kama inavyorudi hapa kwetu, inaweza kuruka. Ulaya wenyewe wamekwenda njia nyingine. Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu na vifaa vingi vidogo vinavyouzwa huko lazima viwe na tundu la USB-C, na mnunuzi awe na hiari ya kununua bila chaja. Maana yake ulinzi udaiwe kwenye kifaa chenyewe. Ndiyo maana nasema vipimwe bandarini: chukua kimoja katika kila shehena, kifungue, kichaji kupita kiasi, uone kama kinakata.

MUUGUZI: Na mpaka siku hiyo ya bandarini? Uingereza imepiga marufuku vepu za kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025, na zilizochukua nafasi zake zina matundu ya chaja. Zinazokuja kwetu nazo ni hivyo hivyo. Kuchaji kunaongezeka, hakupungui.

FUNDI: Mpaka siku hiyo, kijana atoe vepu kitandani. Aiweke juu ya sakafu ya simiti au sahani ya udongo, mbali na pazia na godoro, na achaji akiwa macho. Hiyo ndogo ya mAh 500 au 600 haihitaji usiku, saa moja na kitu inatosha. Ikijaa aichomoe. Isiachwe ndani ya gari lililo juani. Ikivimba, ikinuka utamu wa kemikali, au ikiwa imeanguka kwa nguvu, aiache. Na asiitupe jaani, kwa sababu kwenye lori la taka itabanwa. Tena akisafiri kwa ndege, iwe mkononi si kwenye sanduku la mizigo. Hiyo ni kanuni ya usafiri wa anga tangu 2015, na kuichaji ndani ya ndege hairuhusiwi.

MUUGUZI: Na ikimuunguza, avue nguo iliyoungua kama haijagandana na ngozi, amwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20, aje hospitali. Asipake dawa ya meno. Asipake yai. Vepu yenyewe ikiwaka, maji pia. Maji ndiyo yanayoipoza.

MVUTAJI: Nimesikia yote, na mengi nitayafuata. Lakini oneni, kila mlilolitaja mwishoni ni la kufanya mimi. Fundi kanipa sakafu, mama kanipa bomba. Mzee katoa kibweta cha plastiki, tena kwa vepu ambayo mimi sina. La tatu limerukwa. Nakuuliza wewe, mzee: hiyo risiti yenye jina la aliyeingiza, utaniandikia?

MWENYE DUKA: Ningekuandikia, mwanangu. Mzigo niliununua kwa jumla Nairobi, nikalipa taslimu, na mimi mwenyewe sikupewa risiti.